Mtoto wa Kike Hafikii kwenye Kampuni

Ninyi mnaonicheka kwamba nimehamia nje ya nchi, na nje yenyewe inaonekana ukisimama uani kwetu ukianika nguo, nawaomba mnyamaze kidogo msome. Tangu nimerudi likizo kila mmoja wenu ananiuliza ilikuwaje, na nikianza tu kueleza kuna mtu anadakia na habari za saluni. Basi naandika, ili safari hii nisikatishwe. Mambo ya pasipoti, kibali na tiketi nayaruka, maana hayana utamu wowote na yalinitoa jasho la kutosha mara ya kwanza.

Kazi yenyewe mnaijua. Kampuni ndogo ya Lusaka inatengeneza programu ya simu kwa madereva wa malori: dereva anauliza kwa sauti, kwa lugha yake, foleni ya mpakani ikoje na mafuta yanapatikana wapi, na simu inamjibu. Walitaka mwandishi wa programu anayejua Kiswahili na anayejua mpaka. Mimi mpaka nimezaliwa nao. Usaili wote tuliufanya kwa simu, picha imezimwa kwa sababu ya mtandao wetu wa Tunduma, nikapata. Nianze Jumatatu asubuhi, walisema, na kama siji yuko mwingine aliyeshika namba mbili anangoja.

Kwa hiyo mimi niliona mambo yamekwisha. Kumbe sijamaliza na baba.

Tunduma: kumuaga mtu asiyeaga

Baba yangu, kwa wasiomjua, ni fundi matairi kwenye foleni ya malori. Ameziba matairi ya magari ya nchi ambazo hata kwenye ramani inabidi uzitafute kwa kidole, lakini yeye mwenyewe hajawahi kuvuka zaidi ya Nakonde hapo ng'ambo ya mpaka, na Nakonde huenda kununua sabuni tu. Barabara haiamini. Sababu anayo. Dada yangu Eliza, binti wa baba mkubwa, aliondoka na lori kwenda Sauzi, akapokelewe na kampuni ya hoteli, na mpaka leo hatujui kama yu hai. Asubuhi ile aliyoondoka, tairi la lori lile aliliziba baba.

Nilipomwambia habari ya Lusaka hakupiga kelele. Aliendelea kusugua mpira na msasa.

"Unafikia wapi?"

"Kampuni itanichukua stendi, na ina nyumba ya wafanyakazi wageni, baba."

"Sijauliza nyumba. Nimeuliza unafikia kwa nani."

"Kwa kampuni."

Akaweka msasa chini. "Upendo, mtoto wa kike hafikii kwenye kampuni. Anafikia kwa mtu. Ukishikwa na homa, kampuni itakukorogea uji?"

Tulibishana siku kadhaa, mama akiwa katikati kama mpatanishi wa vita. Mwisho baba akatoa masharti. Nitakwenda. Lakini Jumapili kabla jua halijazama nimpigie simu, nimpe aongee na mtu niliyefikia kwake: mtu mzima, mwenye nyumba, mwenye mke. Nikimkosa huyo mtu, Jumatatu nipande basi la kurudi, na kazi wampe namba mbili wao. Nikakubali.

Najua mtasema, mtu mzima na digrii yako unakubalije? Ninyi hamkumwona mama alivyonitazama. Na radhi ya baba si kitu cha kuondoka bila yake, hasa kwenye nyumba ambayo mmoja ameshaondoka hakurudi. Niliitaka ile kazi kuliko kitu chochote, lakini niliitaka baba akiwa upande wangu.

Kitu kimoja kuhusu jina langu, msije mkapotea huko mbele. Kwetu Wanamwanga, mwanamume wa ukoo wetu ni Simfukwe na mwanamke ni Namfukwe. "Si-" ni ya wanaume, "Na-" ni ya wanawake, ndivyo ilivyo tangu zamani. Lakini nilipoanza darasa la kwanza mwalimu, mtu wa mbali huko, alisema mtoto lazima abebe jina la baba yake kama lilivyo, akaniandika Simfukwe. Likashika hivyo hivyo mpaka chuo, mpaka pasipoti. Hapa mjini halijawahi kunisumbua, na bibi yangu ndiye pekee aliyeendelea kuniita Namfukwe, tena kwa makusudi.

Mama ni Mnyiha wa Ihanda, na Mnyiha wa Ihanda hawezi kumwacha mtu asafiri bila kahawa. Alinifungia pakiti aliyoikaanga mwenyewe, pamoja na viazi, mayai ya kuchemsha na karanga.

"Kahawa ni ya huyo mtu utakayefikia kwake," akasema.

"Mama, huyo mtu hayupo."

"Yupo. Mungu hawezi kukuachia baba yako peke yake."

Nakonde: saa moja ya bure

Jumamosi asubuhi baba alinibebea begi mpaka kwenye geti la mpaka, akalitua, akasema, "Jumapili, jua," akageuka. Basi. Hata mkono hakunipa. Nilivuka nikilia, na wale vijana wa kubadilisha hela wakanipisha njia, jambo ambalo hawajawahi kumfanyia mtu yeyote.

Mnajua ukivuka upande ule saa zinarudi nyuma kwa saa moja. Unapewa saa nzima ya bure. Sisi tuliitumia yote, na nyingine nyingi za kwetu, tukingoja basi lijae. Kondakta alikuwa akipita kila baada ya muda akisema, "Now now tunaondoka," na kila akisema hivyo dereva alikuwa akiagiza chai nyingine.

Nilikaa dirishani. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyejitambulisha kama Bana Mwila, yaani mama yake Mwila. Anafanya biashara ya dagaa kati ya Tunduma na Kapiri Mposhi, na Kiswahili chake ni cha sokoni, hakina heshima nyingi lakini kinafika. Mbele yetu alikaa mwalimu wa Mbangala, mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi, anakwenda kumwona dada yake Kabwe. Alikuwa amevaa suti. Kwenye basi.

Mara ghafla wanawake wakajaa dirishani wakipiga kelele, "Inama! Inama!" Mwalimu hakuuliza mara mbili. Aliinama mpaka kichwa kikaingia katikati ya magoti, na huku nyuma mkono wake ukinitafuta na mimi aniinamishe. "Dada, inama, wanarusha mawe!"

Bana Mwila alicheka mpaka kiti kikalia. Ilibidi nimweleze mwalimu kwamba kwa Kibemba inama ni nyama, na wale akina mama walikuwa wanauza mishikaki.

"Sasa nyama mtu anaitangaza kama amri ya jeshi?" akasema, akijikung'uta suti.

Nilijiona mjuzi sana siku ile. Mtoto wa mpakani, lugha zote zangu. Kumbukeni nilivyomcheka mwalimu, maana zamu yangu ilikuwa njiani.

Isoka hadi Mpika: mkanda umekatika

Tulipita Isoka vizuri. Kabla ya Chinsali basi likatoa harufu ya mpira unaoungua, likasimama. Mkanda wa feni umekatika. Kondakta akadandia lori kwenda kutafuta mwingine, na sisi tukashuka tukakaa kwenye nyasi, watu wazima na akili zetu, tukitazama barabara ile ndefu iliyonyooka isiyokuwa na mtu.

Hapo ndipo nilipomsimulia Bana Mwila habari ya baba na sharti lake. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Baba yako ana akili," akasema. "Lusaka si Nakonde. Mimi ningekuwa mtu wako, lakini nyumba yangu iko Kapiri. Ngoja nimpigie dada yangu. Anakaa Lusaka, Matero, ana mume na sofa mpya."

Moyo wangu ulipoa kabisa. Nikaanza kumpenda huyo dada na mume wake na sofa yake. Bana Mwila akapiga simu, akaongea Kibemba kwa kasi, uso ukabadilika, akakata. Dada mtu yuko Kasama, kwenye msiba, na mume wake na watoto wote, anarudi wiki ijayo.

"Pole kwa msiba," nikasema.

"Pole na wewe," akasema.

Karibu na hapo palikuwa na banda la chakula, watu wa basi tukaliingia kama nzige. Mwalimu wa Mbangala, mwenye njaa na asiyetaka tena aibu, aliwasikiliza wenyeji wakiagiza kisha na yeye akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea, "Ubwali, tafadhali!" Akakunja mikono ya suti akingoja wali wake. Akaletewa ugali, mabonge mawili makubwa, na mboga ya majani ya karanga.

"Huu ni ugali," akasema.

"Ubwali," akasema mama wa banda.

"Mimi nimeagiza wali."

"Ubwali," akarudia yule mama polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma.

"Dada," mwalimu akanigeukia kwa huzuni, "ugali ndio nilioukimbia nyumbani." Lakini aliumaliza, akaomba bonge la tatu. Mimi nilionjeshwa viwavi wa kukaushwa. Wanafanana na dagaa wa moshi, ila hawa wana kichwa kinachokutazama. Ukifumba macho ni watamu.

Mkanda ulifika jioni, na tulipofika Mpika basi likasimama mpaka alfajiri, kwa kuwa huko mabasi hayaruhusiwi kutembea usiku. Tulilala vitini. Bana Mwila alinifunika nusu ya kitenge chake na kukoroma kwa lugha zote mbili.

Serenje hadi Kabwe: Bana Mwila anashuka

Jumapili asubuhi nilianza kuwatazama abiria wenzangu kwa jicho la njaa. Nani hapa ni mtu mzima, ana nyumba Lusaka, ana mke? Kulikuwa na mchungaji kiti cha nyuma, nikafikiria kumfuata, lakini tulipofika Serenje akashuka. Kulikuwa na baba mmoja mpole mwenye miwani, nikamsalimia kwa unyenyekevu wote, "Mwapoleni mukwai," akaitika vizuri, tukaongea, kumbe yeye mwenyewe anahamia Lusaka kwa mara ya kwanza na anatafuta pa kufikia. Akaniuliza kama ninamfahamu mtu.

Kapiri Mposhi ndipo alipoteremka Bana Mwila na magunia yake. Alinikumbatia kwa mikono yake inayonuka dagaa, akaninong'oneza ushauri ambao nitaukumbuka mpaka nazeeka.

"Stendi ya Lusaka watakuzunguka wale vijana wa teksi. Usiwaambie kampuni inakuja kukuchukua, wataona wewe mgeni. Sema unamngoja mume wako. Mwanamke anayemngoja mume hasumbuliwi."

"Nikiulizwa mume gani?"

"Taja jina lolote. Wanaume wamejaa."

Kabwe akashuka mwalimu wa Mbangala, suti yake imekunjamana mpaka imekuwa nguo nyingine. Akanipa mkono, akaniambia nijihadhari na lugha za watu. Nikamwahidi.

Kutoka hapo nilikuwa peke yangu na jua. Kila nikichungulia dirishani lilikuwa limeshuka zaidi, na mimi sikuwa na mtu. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia Eliza, kisha nikajichukia kwa kumkasirikia Eliza. Nilijua kabisa kwamba jua likizama nikiwa sina jibu nitamwambia kweli, na kesho nitapanda basi. Sikuwa na ujasiri wa kumdanganya mtu aliyebeba begi langu kimya kimya namna ile.

Lusaka, stendi: Simfukwe yuko wapi?

Kama alivyosema Bana Mwila, nilikuwa sijakanyaga chini vizuri vijana watatu wameshika begi langu, kila mmoja anavuta kwake.

"Namngoja mume wangu!" nikapiga kelele kwa Kiingereza.

"Mume wako nani, madam? Yuko wapi?"

Akili yangu yote ilihama. Nikatupa macho huku na huku nitafute jina, lolote, na kule karibu na ukuta nikaona mzee mrefu mwenye kofia ameshika ubao wa karatasi ngumu umeandikwa MR. U. SIMFUKWE. Mtu wangu wa kampuni! Kwa furaha na kwa kuchanganyikiwa nikaropoka lililokuwa mdomoni.

"Simfukwe! Mume wangu ni Simfukwe!"

Vijana wakaachia begi. Na yule mzee akalisikia. Uso wake ukafunguka wote, akaja mikono imetanuka, akaanza kumwaga Kinamwanga.

Sasa nikiri jambo: Kinamwanga changu ni cha mtoto wa mjini, cha kusalimia na kuombea chakula. Lakini hili nililielewa. "Mke wetu! Karibu, mke wetu!" Yeye naye ni Simfukwe, akasema, wa upande wa Isoka, dereva na msimamizi wa nyumba za kampuni. Aliposikia kuna Simfukwe anakuja kutoka Tanzania alimwomba bosi mwenyewe amruhusu ampokee ndugu yake. Upendo aliona ni jina la kiume la Kitanzania. Na wala hakuambiwa kwamba ndugu anakuja na mke!

"Mzee," nikasema kwa Kinamwanga changu cha kuokoteza, "Simfukwe ni mimi."

"Bila shaka!" akacheka. "Tumekutolea ng'ombe, wewe ni Simfukwe kabisa. Yeye mwenyewe yuko wapi? Chooni?"

"Hapana. Ni mimi."

"Atakuja, atakuja. Na akichelewa, shemeji, sisi tupo. Mke mzuri hivi haachwi stendi. Akizidi kukaa huko chooni tunakurithi leo leo!"

Mnajua utani wa shemeji kwetu ulivyo. Hauna mpaka. Yule mzee alikuwa amekaa Lusaka miaka mingi bila mke wa ndugu wa kumtania, na naona alikuwa ameweka akiba. Alisifu shingo yangu. Aliuliza kama huko Tunduma mume wangu ananilisha au ananitazama tu. Mimi nilikuwa nimewiva uso, nusu sielewi, nusu naelewa na kutamani nisielewe, na wale vijana wa teksi wamesimama pale pale wanatazama sinema, kwa hiyo kusema sina mume pia siwezi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu niliifunga mwenyewe.

Mwisho mzee akaingia choo cha wanaume kumtafuta. Nikasikia akiita, "Simfukwe! We Simfukwe! Toka, mkeo analiwa na mbu!" Akatoka babu mmoja wa watu akifunga mkanda, akaapa kwamba yeye ni Phiri.

Jua lilikuwa limegusa mapaa ya maduka. Simu yangu ikalia. Baba.

"Umefika?"

"Nimefika, baba."

"Kwa nani?"

Mzee alikuwa amerudi, amesimama mbele yangu, anatabasamu, ubao kwapani.

"Kuna mzee hapa, baba. Ametumwa na kampuni. Ni wa—"

"Mpe simu."

Nikampa. Nilisimama karibu, nimekunja vidole, namwomba Mungu wa mama yangu. Mzee akasalimia kwa Kinamwanga kwa heshima zote, kisha akasema kwa furaha, "Usiwe na wasiwasi, mzee, mke wetu nimempokea salama. Mume wake tu ndiye hatumwoni."

Halafu sauti ya baba ikatoka kwenye ile simu, wala spika haikuwa imewashwa, mpaka kijana wa teksi akageuka.

"MUME WAKE NANI?"

"Simfukwe," akasema mzee.

"Simfukwe ni mimi! Huyo ni binti yangu! Ameolewa lini? Na nani?"

Nilitamani ardhi inimeze, mimi na begi na kahawa. Lakini nilikuwa namtazama yule mzee, na nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mtu mzima. Tabasamu lilimtoka usoni taratibu. Akatazama ubao wake. Akanitazama mimi. Akatazama ubao tena.

"Binti yako," akasema kwa sauti ndogo. "Binti wa Simfukwe. Basi huyu ni Namfukwe."

"Ni Namfukwe!" akanguruma baba. "Tangu amezaliwa!"

Ubao ukamwanguka. Mzee akachuchumaa pale pale katikati ya stendi, miguu ya watu ikimpita huku na huku, simu ameibana kwa bega, akaanza kunipigia makofi ya kuomba msamaha, yale ya taratibu ya viganja vilivyokunjwa. Shemeji unamtania utakavyo. Binti wa ukoo wako hugusi hata kwa neno. Na yeye alikuwa ameshanirithi na kuisifu shingo.

Pale pale, bila kunyanyuka, wakaanza kuulizana ukoo. Babu yako nani? Naye alizaliwa na nani? Aliyehama kutoka bonde la Momba, au aliyebaki? Mimi na wale vijana wa teksi tulingoja matokeo, mmoja wao akaninunulia maji. Mwisho mzee akasema "Aaah!" ya maumivu, akafunika uso kwa kofia.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Baba yako ni babu yangu mdogo," akasema ndani ya kofia. "Wewe si dada yangu. Wewe ni shangazi yangu."

Mimi nina miaka ishirini na saba. Yeye ana wajukuu.

Chelstone: kesi ya kuku

Njia nzima aliendesha mikono miwili kwenye usukani, na kila tukifika kwenye taa nyekundu alikuwa akisema, "Shangazi, nisamehe." Tulipita kwanza nyumba ya kampuni kuchukua funguo zake. Akanionyesha kwa aibu kitanda alichokuwa amemwandalia Bwana Upendo: chumba kimoja na vijana watatu, shuka la timu ya mpira, na bango ukutani ambalo alisimama mbele yake ili nisilione. Kisha akanipeleka kwake, Chelstone.

Mke wake aliposikia kisa aliketi sakafuni akacheka mpaka akashikilia mguu wa meza. Alimlazimisha akirudie chote, na alipofika kwenye shingo akamtuma achinje kuku, maana faini ya kumtania shangazi, akasema, haiwezi kungoja kesho. Nikampa kahawa ya mama. Aliinusa, akanivutia kiti jikoni, na nikajua kwamba nikiumwa huyu mwanamke ndiye atakayenikorogea uji.

Baba akapiga tena. Jua lilikuwa limezama zamani, lakini hakulitaja. Aliongea na mzee, kisha mama akaongea na mke wa mzee, kina mama hao wawili wakichekeana kwa lugha ambazo hazielewani. Ndipo nikapewa simu mimi.

"Upendo."

"Baba."

"Nilikuambia ufikie kwa mtu."

"Ndiyo, baba. Nimefikia kwa—"

"Hujafikia kwa mtu," akasema. "Shangazi hafikii. Shangazi yuko kwake." Nikasikia anapumua. "Sasa lala, kesho uwahi kazini. Usiniaibishe mbele ya wajukuu zangu."

Nililia, ndiyo, na mguu wa kuku mkononi. Nilikuwa na furaha sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimepata kazi wiki nyingi zilizopita, lakini usiku ule ndipo nilipoipata.

Kazini Jumatatu mzee alinifungulia mlango wa gari, akanifungulia mlango wa ofisi, akamtangazia kila mtu kwamba mimi ni shangazi yake. Bosi wangu, mwanamama mtulivu wa Chipata, alimtazama, akanitazama, akasema, "Nilijua ni mwanamke. Hakuna aliyeniuliza." Kufikia mchana ofisi nzima inaniita Anti, hata waliozaliwa kabla yangu. Mengine ni ya kompyuta, hayawahusu.

Tunduma tena

Mmeuliza baba amelipokeaje. Mimi nilipofika likizo nilidhani nitamkuta yule yule. Kumbe kila Jumapili anapigiana simu na mjukuu wake wa Chelstone, wanazozana kuhusu matairi. Na binti wa yule mzee anaolewa mwezi huu. Harusi ya Wanamwanga haiendi bila shangazi, na shangazi ni mimi, naambiwa nikae mbele nitoe maneno mazito kuhusu ndoa, mimi ambaye mume wangu pekee alipotelea choo cha stendi. Lakini vilevile haiendi bila babu.

Kwa hiyo naandika haraka, hata sijasoma nilichoandika, mnisamehe makosa. Basi linaondoka Nakonde asubuhi hii. Baba amenunua koti. Jana jioni alifunga banda lake la matairi, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake, na usiku nilimsikia akimuuliza mama kama Lusaka watu hula ugali. Picha ya Eliza ameiweka mfuko wa ndani wa koti. Anasema madereva wa mjukuu wake, yaani wale wa malori wanaotumia programu yetu, wanafika Sauzi, na kuuliza si dhambi.

Sasa hivi amesimama mlangoni, viatu vimeng'aa, begi langu na lake yote ameyabeba yeye. Ameniita mara tatu. Sauti yake ni ya mtu anayeogopa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu haogopi mtu kuondoka.

"Upendo! Acha kuandika, tutaachwa na basi!"